Mama wa Dagaa Ndani ya Gemu

Wiki hii nilikuwa kwenye duka moja la kompyuta hapa Nyakato, nasubiri kutoa kopi. Pembeni, binti anayetengeneza gemu alikuwa anajaribu sauti alizorekodi mwaloni Mwigobero, kando ya ziwa, mwaka juzi: injini ya mtumbwi, mawimbi, na mama anayenadi, "Dagaa! Dagaa wakavu, njooni!"

Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia.

"Huyo ni mke wangu. Tulimzika mwaka jana. Niwekee kwenye simu."

Binti akamweleza kwamba ndani ya gemu sauti hizo zinajirudia tu, hazina mwisho. Rekodi za mwanzo hana tena; ili mzee apate faili, lazima yeye azirekodi upya zikiwa zinapiga, kisha azikate mahali fulani.

"Nikutolee hiyo injini, baba, umsikie vizuri?"

"Iache. Alikuwaga anashindana nayo kila siku."

Binti akabonyeza kitufe cha kurekodi. Mama akanadi, akanadi tena. Foleni nzima tukasogea kusikiliza, hata mimi ninayelalamikia foleni kila wiki kwenye safu hii.

"Nikatie wapi, baba?"

Mzee akainua kiganja, kama mtu anayezuia mlango usifungwe.

"Ngoja kwanza. Hajamaliza kuuza."