Vizibo vya Bia Kwenye Ngazi za Kanisa Kuu

Hapa Bremen mwanamume akitimiza miaka thelathini bila mke, hatumwonei huruma hata chembe. Tunamvisha koti la mkia na kofia ndefu nyeusi, tunampa ufagio, kisha marafiki zake wanamwaga magunia ya vizibo vya bia kwenye ngazi za kanisa kuu. Atafagia, kinanda cha kuzungusha kikimpigia kelele, mpaka msichana ambaye hajaolewa aje kumbusu. Asipokuja, na afagie, shauri yake!

Zamu ikamfikia Eilert, mwonja kahawa wa ghala moja kule bandarini. Ulimi wake ulijua kila kitu kuhusu kahawa, lakini ulimi huohuo mbele ya Gesa uligeuka gogo. Gesa ni binti anayeendesha kreni hapohapo bandarini. Miaka miwili wamekula mikate yao ya samaki kwenye benchi moja kando ya mto Weser, na yote Eilert aliyowahi kumwambia ni "Moin", salamu yetu ya kutwa nzima. Mwanamume mzima, jamani! Na alivyompenda, hata usingizi ulimpaa.

Basi siku hiyo alitaka busu moja tu, la Gesa. Folkert, rafiki yake tangu shuleni, alikuwa na mipango mingine.

"Usijali, kaka," alisema huku akimwaga gunia jingine. "Binamu yangu yuko saluni. Akitoka tu, anakuja kukuokoa."

"Mwambie asiharakishe."

"Una homa wewe?"

Eilert akafagia polepole kama anayefagia mayai. Alipoinua macho, moyo ukamruka. Juu kabisa, mlangoni mwa kanisa, Gesa alikuwa amepiga magoti akisugua kishikio cha mlango kilichopakwa haradali. Wanawake wetu nao hawasalimiki: thelathini bila mume, usugue kishikio mpaka mwanamume akubusu.

"Moin," akasema Eilert.

"Moin."

"Heri ya kuzaliwa."

Gesa akamkazia macho. "Asante," akasema, akasugua kwa hasira.

Eilert akanywea. Kwa hiyo kuna mtu atakuja kumbusu Gesa! Nani huyo mshenzi? Tangu hapo kila mwanamume aliyekanyaga ngazi alifagiliwa vizibo mpaka kwenye soksi.

"We vipi?" akafoka mtalii mmoja.

"Samahani, bwana. Niko kazini."

Gesa akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Bi Ohlrogge, muuza soseji pale chini, alivumilia akachoka. Akamwita kwa koleo lake. "Wewe Eilert! Hayo ni macho au vifungo vya koti?"

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Waliomleta Gesa wako wapi? Wa kumshangilia wako wapi?"

Eilert akatazama huku na huku. Kweli, hapakuwa na mtu. "Labda wamechelewa."

"Wamechelewa! Mtoto wa watu alitimiza thelathini Novemba iliyopita. Akasugua, mzee mmoja wa posta akambusu shavuni, yakaisha. Leo kaja mwenyewe. Hiyo haradali kanunua hapa kwangu, akaipaka kwa mkono wake. Sasa unataka akuandikie barua?"

Eilert akageuka kumtazama Gesa kule juu. Ndipo Folkert akapiga mbinja: binamu huyo anakatiza uwanja, nywele zimesimama, midomo imeiva tayari.

Jamaa akatupa ufagio, akapanda ngazi mbiombio. Vizibo vikamtelezesha, kofia ikaenda zake, naye akaanguka kifudifudi, akamalizia safari kwa magoti mpaka miguuni pa Gesa.

"Gesa, nakupenda," akahema. "Na yule kule anakuja. Nisaidie!"

"Miaka miwili, Eilert! Miaka miwili natafuna samaki pembeni yako nikingoja useme hilo."

"Niliogopa utahama benchi."

"Mjinga mkubwa wewe." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akamshika masikio kwa mikono yake ya haradali, akambusu.

Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Mpiga kinanda, kwa kuwa mfungwa kaachiliwa, akasimamisha muziki na kuanza kukusanya vitu vyake.

Gesa akamgeukia. "Wee! Nani kakwambia unyamaze? Sijamaliza."