Jirani Mwenye Daftari

Kijiji kina barabara moja, kijito na nyumba arobaini, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mji wa Langley Park, huku ughaibuni. Naishi kijijini humo nikimtunza bibi mmoja mgonjwa. Jirani wa ng'ambo, mzee mwenye vidole vyenye madoa ya wino, hufunua pazia kila ninapotoka, kisha huandika kitu daftarini. Niliamini ananichongea kwa watu wa uhamiaji. Siku ya Jumanne mzee huyo alibisha hodi, akakohoa, akauliza polepole, "Wewe unaishi hapa?"

"Hapana, napita tu," nikamdanganya.

Akafunga daftari. "Basi wakazi tumebaki tisini na tisa. Tungefika mia, wasingetufungia posta."

Alikuwa keshafika getini nilipomwita na kumtajia jina langu lote.