Mukimo wa Wakwe

"Mama Lewis, kweli wakwe watoke Naivasha mpaka huku Dundori, halafu uwape mukimo?"

Aliyeuliza ni jirani yake, Mama Travis, akiwa amesimama kwa ua, mikono kiunoni. Wanjugu aliendelea kumenya viazi. "Wakitaka pilau, wataikuta kwao."

Mdomo ulikuwa imara, lakini moyo ulikuwa juu juu. Siku hiyo wazazi wa Natalie, mchumba wa mwanawe Lewis, walikuwa wanakuja mara ya kwanza kuona nyumba ambamo binti yao angeolewa. Lewis alikuwa amemsihi mama yake waite watu wa kupika kutoka mjini. "Mum, watatuona washamba." Wanjugu alikataa. Tangu awe mjane, chakula hicho ndicho alichomlea nacho huyo Lewis, na Mungu hakuwahi kumwaibisha.

Viazi, mahindi na majani ya malenge viliiva, wageni hawajafika. Lewis akaja mbio na simu mkononi: gari lao limekwama kwa matope.

"Ponda tu, uweke kwa hotpot usipoe," Mama Travis akashauri.

"Aka! Mukimo ukingoja unakuwa kama udongo wa kukandika ukuta."

Akavuta kuni, akaacha makaa, akafunika sufuria. Lewis alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Mum, watafika wapate meza tupu!"

"Watapata maombi kwanza."

Walifika pamoja na Natalie, viatu vikiwa na matope, wanatetemeka kwa baridi. Wanjugu akawasalimu, akaomba, akawaacha na chai, akaenda kuponda. Mwiko ukaanza kulia ndani ya sufuria, tu, tu, tu. Mama Natalie akaweka kikombe chini, akafuata ile sauti mpaka jikoni.

Wanjugu alishtuka. Mkwe haingii jikoni siku ya kwanza! "Mama, rudi ukae. Wewe ni mgeni."

"Nikae aje na nasikia mwiko wa mama yangu? Huko kwetu siku hizi tunauziwa mukimo laini kama uji wa mtoto. Hebu nipe, nawe upumue."

Akanawa mikono, akajifunga leso. Wakapokezana mwiko, jasho likiwatoka, wakitaniana kama watu waliosoma darasa moja. Mlangoni Lewis hakujua aweke wapi uso.

"Kijana, unasimamia nini hapo?" Mama Natalie akamwambia. "Leta sahani, chakula ni cha moto."

Baba Natalie alikula, akaongezwa, akaongezwa tena, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kidogo cha kubeba. Wanjugu alimfungia akiwa ameinua kichwa kama mwimbaji wa kwaya, na moyoni anamshukuru Mungu.

Jioni, wakiosha vyombo, Natalie akamshika mkono. "Mum, nikishaolewa hapa hutapika tena. Wewe utakuwa unapumzika tu."

Wanjugu akapangusa mikono kwa leso.

"Natalie, mtoto wangu, asante. Lakini ukikuja, usiniambie nipumzike. Naomba tupike pamoja."