Sahani Niliyoirudisha Tupu

Nilisoma utawala wa umma miaka minne, na mpaka nafuzu sikuwahi kutawala hata kitanda changu. Mamangu ndiye aliyekuwa akikitandika. Lakini mtaa wetu wote wa Mtopanga, Kisauni, ulijua nasomea ukubwa. Mtu akimwuliza mama, "Kijana wako asomea nini?" yeye hukaa vizuri kwanza, akavuta leso yake, ndipo akajibu: "Serikali." Si kazi za serikali, wala si mambo ya serikali. Serikali yenyewe.

Nami sikumsahihisha, nilipenda. Mhadhiri alitusomea kazi zinazotungoja: afisa tawala, mpangaji wa sera, msimamizi wa wafanyakazi, mratibu wa miradi, sijui nini na nini. Niliziandika zote daftarini, nikapiga mstari chini ya zile zenye gari na dereva. Nikaanza hata kutembea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Watoto wa mtaani wakaniita Bwana DO, yaani mkuu wa tarafa, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naitika.

Baada ya kufuzu nilikaa nyumbani mwaka na zaidi. Nilituma maombi mpaka yule anayenichapishia barua dukani akawa ameihifadhi moyoni tarehe yangu ya kuzaliwa. Kisha likatoka tangazo la naibu wa chifu, papa hapa kwetu. Gari halikuwamo, lakini kofia ilikuwamo. Mama akaizungumza kofia hiyo kana kwamba imeshatundikwa msumarini.

Siku ya mahojiano nilikuta watu watatu mezani. Maswali ya mwanzo niliyajibu kwa nadharia tupu, mpaka mmoja wao akapiga miayo. Mwisho akaniuliza mama mmoja wa makamo, mwenye buibui na miwani, mkazi wa huku huku kwetu: "Tutajie mgogoro mmoja wa mtaani kwenu, na utuambie utausuluhisha vipi."

Nikajibu kifua mbele, "Mtaa wetu hauna migogoro."

"Hauna?" Akavua miwani. "Hata huu wa mamako na jirani yake? Mwaka wa pili huu hawaamkiani."

Lo! Sikujua. Wallahi sikujua. Jirani huyo ni ukuta kwa ukuta na sisi. Ndiye aliyekuwa akinilea mama akienda sokoni, na mpaka leo namwita mama. Tangu nipate akili, sahani zilizofunikwa kawa zilikuwa zikienda na kurudi baina ya nyumba mbili hizo. Ni kweli, mbaazi zake za nazi nilikuwa sijazionja muda mrefu, lakini nilidhani kachoka kupika. Wakati wao wanakosana, mimi nilikuwa chumbani, nimefunga dirisha nisisikie kelele, nasoma sura ya kusuluhisha migogoro katika jamii.

"Nitaunda kamati ya wadau," nikasema.

Walicheka wote watatu. Yule mwenye buibui alicheka mpaka akafuta machozi. Nikajua kofia imekwenda, lakini njia nzima ya kurudi kofia haikuniuma kama lile neno, mwaka wa pili huu.

Nilimkuta mama akikuna nazi. Kabla hajaniuliza la mahojiano nikamwuliza, "Mama, mumekosana na jirani?"

Akaacha kukuna. "Alisema harusini, mbele za watu, ati kijana wangu atatawala nani, kuku? Nikamwambia asikanyage kwangu tena." Kisha akaugeukia ukuta. "Miaka yote ile nala naye. Sasa alasiri nakaa na ukuta."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ugomvi wote ulikuwa juu yangu. Na kabatini ilikuwamo sahani ya jirani, yenye maua ya buluu, iliyobaki kwetu tangu siku hizo. Nikajiambia, haya bwana, leo ndiyo leo, kisomo kifanye kazi. Nikaifuta vumbi, nikatoka nayo.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamkabidhi sahani, nikaanza hotuba: kwamba hatua ya kwanza ya maridhiano ni kila upande kurejesha kilicho cha mwenzake. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akiitazama sahani. Akaigeuza chini, akaigeuza juu.

"Tupu?"

Kwetu hata mtoto wa miaka mitano ajua kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa chakula, watia ndimu, watia hata sukari kidogo. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenyewe kuwa mimi na wewe basi. Na mimi nilijua hayo, kabla sijaenda kusoma.

"Mamako anirudishia sahani tupu!" Akajitupia leso, huyo, mpaka kwetu, nami nyuma nikimsihi, "Mama, ngoja, tufuate utaratibu!"

Mama alisimama na kifuu mkononi. "Mimi? Nitume sahani tupu? Astaghfirullah! Kwani mimi nimelelewa wapi?"

"Basi nani?"

Wakanigeukia wote wawili.

"Miaka minne," akasema jirani polepole. "Chuo kikuu."

Mama akauma mdomo, nikaona mabega yanamtikisika. "Hata hao kuku," akasema, "hawatamkubali."

Basi walicheka! Walicheka mpaka wakashikana ili wasianguke, na waliposhikana hawakuachana tena. "Umenitesa, mwanamke wewe," mama akasema, sasa analia. Jirani naye analia. Mimi nilisimama mlangoni, hakuna aliyenihitaji.

Kazi ile alipewa mwanamume aliyekuwa akiamua ugomvi wa foleni ya maji bila hata cheti. Mimi leo niko kaunta ya ofisi moja hapa Kisauni, nawaelekeza watu wapange foleni ipi. Mama angali ajibu, "Serikali." Na kila Ijumaa hunituma kwa jirani na sahani ile ya maua, lakini kabla sijavuka kizingiti huniita nirudi, akafunua kawa, akachungulia ndani, ndipo akaniruhusu kwenda.