Jalada Lenye Alama ya Masizi

Kinyungu chetu cha Ipogolo, kile kipande cha bondeni tulichokuwa tukilima kiangazi mvua zikishakata, kilipotea kwa sababu yangu. Miaka mingi nilisema shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekiiba. Si kweli. Kila mmoja wetu alidai baba yake ndiye aliyefyeka matete ya kwanza pale, basi tukashitakiana.

Mahakama ya mwanzo akanishinda. Ya wilaya akanishinda. Ikabaki Mahakama Kuu. Zamani ukimtaka jaji ulitazama Dar es Salaam, jalada likaenda huko mpaka wenye kesi wanazeeka. Miaka ile ya sabini wakafungua kanda Mbeya, na sisi wa Iringa tukawekwa chini yake. Watu walifurahi. Mimi nikajiuliza: safari fupi hivi, si ndiyo rahisi mtu kuchomoa karatasi njiani? Shemeji alikuwa na rafiki, dereva wa malori ya Zambia. Dereva na majalada wapi na wapi? Sijui. Nilimshuku hata yeye.

Kwa hiyo siku ya kukata rufaa nilipaka kidole masizi ya chungu, karani wa wilaya alipogeuka nikagandamiza pembeni mwa jalada. Gunia na mpini wa jembe tunavitia alama hivyo. Nikaona jalada nalo ni mali. Kisha nikalifuata Mbeya.

Nikafikia kwa dada yangu Uyole. Baridi ya kule wacha tu. Blanketi la wageni lilikuwa moja, na mbwa alilizoea kabla yangu. Kila asubuhi nadandia gari hadi mjini, dirishani kwa karani wa Mahakama Kuu.

"Kamwene, mzee wa masizi! Umekuja kuliamkia?"

"Nionyeshe tu, mwanangu."

Analiinua, alama ipo, narudi Uyole na amani ya siku moja.

Wiki ya tatu akasema, "Leo halipo. Linakwenda Iringa na jaji."

"Iringa kufanya nini? Mahakama Kuu si hii hapa?"

"Jaji huzunguka, mzee. Kesi za kwenu anazisikilizia kwenu. Panda basi leo, zimebaki siku tatu."

Alisema huku anacheka. Nikajiambia, huyu kahongwa, anataka niondoke. Jaji mzima aache jengo lenye bendera anifuate mimi? Nikakaa siku nne kwenye ngazi za mahakama, namkagua kila atokaye na karatasi mkononi.

Ya tano nikachoka, nikarudi. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua macho.

"Samansi ililetwa," akasema. "Nikaenda mimi. Jaji akauliza mrufani yuko wapi."

"Ukasemaje?"

"Ukweli. Yuko Mbeya, analinda jalada. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kaka yangu peke yake hakucheka. Akaomba wakungoje mpaka kesho yake. Wakakungoja, baba watoto. Hukuja, rufaa ikafutwa."

Nikakaa chini. Na bado, mtu mbishi mimi, nikauliza, "Jalada lenyewe uliliona?"

"Lilikuwa mezani kwa jaji."

"Lina alama?"

"Linayo," akasema, akaendelea kupepeta. "Hakuna aliyeigusa."