Panga mbili au upanga mmoja wa mikono miwili: yaliyonikuta banda la gemu Tunduma

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika, na chumvi siweki.

Nipo form three, Tunduma. Jumamosi naenda banda la gemu la Kaka Amosi. Kuna gemu moja la mapigano na majitu, na character ni mmoja, wa banda zima. Ukifa unaachia pad ya kuchezea, anashika mwingine. Anayeua jitu ndiye anagawa pointi za level mpya.

Ugomvi uko hapo kwenye pointi.

Baraka ni utingo, lori lao likiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, anashinda bandani. Yeye anataka pointi zote ziende kwenye nguvu, abebe ule upanga mkubwa wa two-handed.

Mimi napenda dual wield, upanga kila mkono. Inataka wepesi. Na pointi zikishawekwa hazirudi, kwa hiyo zikienda kwenye nguvu mimi ndiyo basi tena.

Juzi tukafika kwa jitu la darajani. Zamu yangu nikashika panga mbili. Nikafa upesi sana.

"Iwe! Unalikata au unalipaka mafuta?" Baraka huyo. Banda zima likacheka.

(Hiyo "iwe" tumeichukua kwa Wazambia, huku kila mtu anaitumia.)

Akaingia yeye na two-handed. Pigo moja zito, jitu likayumba. Naye akafa, ila alilifikisha nusu. Wakasema dual wield ni urembo tu.

Mimi nawaza mkono wa kushoto. Nilibonyeza sana L1, kitufe cha mkono huo ambacho two-handed haikihitaji, upanga wa kushoto ukawa hautoki.

Ndiyo nikashtuka. Pad ile ndiyo inayochezewa gemu la mpira! L1 ndiyo ya kubadilisha beki, na watu wa mpira wanaigonga kama wanatwanga kisamvu.

Kusema mbele ya watu kwangu ni shughuli. Nikamsogelea Kaka Amosi, nikamwambia chini chini. Akajaribu.

"Eh, kweli dogo, hii imekufa." Akatoa pad nyingine.

Nikarudi mchezoni. Mapigo yakafululiza, damu ya jitu ikabaki kidogo mno. Lakini panga mbili hazina kinga. Likanikanyaga mara moja, nikafa. Pad kwa Baraka.

Nilijua atabadilisha silaha. Hakubadilisha. Akacheza na panga mbili mpaka jitu likaanguka.

Menyu ya pointi ikafunguka. Akapeleka zote kwenye wepesi.

"Usinitazame hivyo, dogo. Panga zilikuwa nzima, mpigaji ndiye mbovu."

Nilichojifunza: two-handed inakuruhusu upige ukimbie, dual wield haitaki upumzike. Ila kabla hujaita silaha mbovu, jaribu pad kwanza.

Nyie mnatumia ipi, na kwa nini? Comments nitasoma zote. Kujibu ndiyo sina uhakika.