Ukungu wa Brugge

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni muuguzi katika mji wa kale wa Brugge, Ubelgiji. Alipomtumia mama yake tikiti ya ndege, Mama alikataa kusafiri peke yake, na mume wangu hakupata ruhusa kazini. Ndivyo nilivyojikuta, mimi msusi wa mtaa wa Kaptembwo, nimekaa kando ya mama mkwe wangu juu ya mawingu, tukila wali bila kusemezana.

Hatukuwa na ugomvi. Ni vile tu tangu niolewe hatukuwahi kubaki wawili. Nikienda kwake Molo kulikuwa na watoto, wageni, sufuria za kuosha. "Mmeamkaje?" "Tumeamka salama, Mama." Basi.

Asubuhi ya kwanza wifi alitufungulia mlango kabla ya kwenda zamu.

"Fuateni mfereji tu," alisema, akituonyesha upande wa mnara mkubwa wa kengele. "Huo mnara hauwezi kuwapotea. Unaonekana kila mahali."

Hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mawe ya barabara. Ukingo wa daraja ulijitokeza, kisha nusu ya baiskeli, kisha ndege wawili weupe wenye shingo ndefu wakielea juu ya kitu tulichoamini ni maji. Mimi niliudhika. Nilikuwa nimeyatazama majumba yale kwenye simu kwa wiki nzima, nikipanga picha nitakazopiga. Mama alitembea bila haraka, mikono mfukoni, kama anaelekea zizini kwake.

Kengele zikaanza. Ulikuwa wimbo mzima, sauti nyingi ndogondogo zikitudondokea kutoka juu. Mama alisimama.

"Hizo zinalia wapi?"

"Kwa mnara, Mama."

"Na mnara uko wapi?"

"Nafikiri tuko chini yake."

Aliinua uso akatazama weupe mtupu, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha msichana.

Kwa kuwa hapakuwa na cha kuona, tulipanda mashua ya watalii. Tulikuwa abiria peke yetu. Mwendeshaji, mzee mwenye kofia ya sufu, alitupatia blanketi moja akaanza kazi yake kana kwamba jua linawaka. Kushoto, alisema kwa Kiingereza, ni hospitali ya kale ya watawa. Kulia ni nyumba ya wafanyabiashara wa nguo. Nilimtafsiria Mama. Kila alipoelekeza mkono palikuwa na ukungu.

Mara Mama naye akanyoosha kidole.

"Hapo kulia ni kwa posho mill, pale tunasagia mahindi," alisema polepole.

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama mbele, ametulia kabisa.

"Sasa tumepita shule. Hapo juu ni kwa jirani yangu wa kondoo. Ukisikiliza utasikia mbwa wake."

Nikasikiliza. Mahali fulani nyuma ya kuta, mbwa akabweka. Mama alinigonga goti, na kwa muda sikujua kwa uhakika tulikuwa nchi gani.

Mashua iliingia chini ya daraja, kwenye giza lenye baridi, maji yakitona. Tulipotokea upande wa pili Mama alikuwa tayari anaongea.

"Mimi nililetwa Molo siku ya ukungu kama huu. Baba yenu alinishika mkono kutoka stesheni hadi kwa mlango. Nikamuuliza, nyumbani ni wapi? Akaniambia, utaona. Nilikaa bila kuona shamba wala jirani, nasikia tu watu wakiongea huko nje. Nikalia jikoni. Mama yake alinisikia na hakusema kitu."

"Pole, Mama."

"Na wewe ulilia. Ile wiki mlikuja baada ya harusi. Nilikuwa nje na kuni, nikakusikia."

Sikujua kwamba kuna mtu aliyejua. Niliyatazama maji.

"Nilitaka kuingia," alisema. "Nikafikiri utaona aibu."

"Ningefurahi, Mama."

Alivuta blanketi akanifunika hadi mabegani, na mkono wake ukabaki hapo. Mwendeshaji aliendelea kutaja makanisa na madirisha. Sikutafsiri tena.

Siku zilizofuata zimechanganyika kichwani mwangu, zikawa kama matembezi mamoja marefu, meupe. Nakumbuka duka ambamo mwanamke alikuwa akisuka lesi kwa vijiti vingi vya mbao. Mama, ambaye hushona vitambaa vya makochi, alisimama mbele yake muda mrefu, na wawili hao wakaongea kwa vidole. Ukungu uliondoka siku moja kabla ya safari ya kurudi. Mnara ukaonekana, wa rangi ya udongo, umeinama kidogo.

"Ni mzuri," Mama alisema. "Lakini ni mkubwa kuliko nilivyokuwa nimeupanga kichwani."

Mume wangu alitupokea Nairobi, tukasimama njiani, Kikopey, kula nyama. Alituuliza tumeona nini huko. Tukaanza kujibu pamoja, tukanyamaza pamoja, tukacheka, naye akawa anatuangalia mmoja baada ya mwingine. Mama alichagua kipande cha ubavu akakiweka mbele yangu.

"Jumamosi kuja Molo," aliniambia. "Kuja peke yako. Watoto waachie baba yao."

Nilienda, nikakaa siku mbili.